Maneno chini ya picha ya Koloneli Mamadou: ni nani aliyeyasema?



Tangu vita irudi, picha ya Koloneli Mamadou Ndala imerudi nayo. Iko kwenye statu za WhatsApp, iko kwenye pikipiki za bamotari, iko kwenye magrupu yetu ya wanafunzi. Na chini ya picha, karibu kila mara, kuna sentensi. Leo inamwita kijana aende kufa kwa ajili ya inchi. Kesho inalaani wasaliti. Kesho kutwa inatoa busara kama ya mzee wa kijiji. Kuna sentensi moja niliyoiona chini ya picha yake, nikaikuta tena neno kwa neno chini ya picha ya Lumumba, na mara ya tatu chini ya picha ya Thomas Sankara. Watu watatu, inchi mbili, mdomo mmoja!

Mimi nina lisansi ya agronomia, si mwanahistoria. Lakini mwaka wa 2024 miaka 10 ilitimia tangu Mamadou afe, na nimeona vema tuelezane kati yetu mambo matatu: maneno ya jenerali maarufu yanatoka wapi, yanabadilika namna gani, na tabia yake tuijue kwa njia gani kama maneno hayatoshi. Si habari ya kupitisha saa. Juu sentensi chini ya picha ya mtu aliyekufa inaweza kumtoa kijana nyumbani kwao.

1. Tuanze mbali kidogo: Sherman na sentensi yake iliyokatwa

Kuona jinsi maneno ya jenerali yanavyosafiri, ni vizuri kuchukua mfano wa mtu ambaye vita yake imekwisha zamani na karatasi zake zimehifadhiwa. William Tecumseh Sherman alikuwa jenerali wa upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865. Dunia nzima inamjua kwa sentensi fupi: vita ni jehanamu.

Kumbe hiyo si sentensi aliyoisema. Tarehe 11 Agosti 1880, huko Columbus katika jimbo la Ohio, alizungumza mbele ya askari wa zamani, na vijana walikuwepo. Aliwaambia kwamba kuna vijana wengi wanaoiona vita kama utukufu mtupu, lakini yote ni jehanamu. Yaani alikuwa anamjibu kijana anayetamani vita. Magazeti na midomo ya watu ilikata mwanzo, ikabakiza mwisho. Wengine wanaipeleka sentensi hiyo kwenye shule ya kijeshi ya Michigan, mwaka wa 1879. Kwa hiyo neno lenyewe limefupishwa, na hata mahali lilipozaliwa pana mabishano.

Ukisikia sentensi ile fupi, utafikiri Sherman alikuwa mtu wa amani. Rudi nyuma sasa, Septemba 1864. Ameuteka mji wa Atlanta na ametoa amri raia wote waondoke. Meya na washauri wa mji wanamwandikia barua: kuna wanawake wenye mimba, kuna wazee, baridi inakaribia, tafadhali badilisha amri. Sherman anawajibu tarehe 12 Septemba kwamba vita ni ukatili na hakuna anayeweza kuulainisha, na kwamba waliouleta ndio wanaostahili laana. Raia wakaondoka. Miezi miwili baadaye akatoka Atlanta na askari kama 60,000, akatembea hadi Savannah kwenye bahari, akafika mwezi wa Desemba. Njiani jeshi lilikula mashamba ya watu: mahindi, viazi vitamu, nguruwe, kuku. Reli ziling'olewa, maghala yakachomwa.

Mmeona? Wazo ni karibu lile lile: vita ni kitu kibaya sana. Mwaka wa 1880 linatumika kumwonya kijana asiitamani. Mwaka wa 1864 linatumika kumjibu mama mwenye mimba kwamba lazima atoke nyumbani kwake. Maneno hayakubadilika sana. Kilichobadilika ni nani anaambiwa, lini, na ni nani atakayelipa.

Lakini Sherman alikuwa na bahati moja: aliishi. Vita ilikwisha 1865, yeye akafa 1891. Katikati aliandika kitabu cha maisha yake, alitoa hotuba, alibishana na watu, na mwaka wa 1884 walipotaka kumfanya mgombea wa urais alikataa waziwazi. Hata kukataa huko watu wamekufanya kuwa sentensi nzuri zaidi kuliko ile aliyoiandika. Ila karatasi zipo, mtu anaweza kulinganisha.

Sasa turudi kwetu. Mamadou alipata siku 58 tu.

2. Mtu aliyeacha maneno machache

Mamadou Mustafa Ndala alizaliwa mwaka wa 1978 kule Ibambi, katika mkoa ambao leo unaitwa Haut-Uélé. Alikuwa Mwislamu. Mwaka wa 2013 alikuwa koloneli, kiongozi wa batayo ya 42 ya makomando wa FARDC, hapa kaskazini mwa Goma. M23 ilishindwa tarehe 5 Novemba 2013. Mamadou aliuawa tarehe 2 Januari 2014, karibu na Beni. Hesabu wewe mwenyewe: ni siku 58. Hakufikisha miaka 36. Cheo cha jenerali alipewa akiwa tayari ndani ya kaburi, ndiyo maana mpaka leo mdomo wetu unasema "Koloneli Mamadou" na hausemi "Jenerali".

Hakupata nafasi ya kuandika kitabu. Hakupata nafasi ya kusema "hapana, hilo sikulisema". Alichoacha ni mahojiano na wanahabari, video za uwanjani, na filamu ya *This Is Congo* iliyotoka 2017, ambamo kamera inamfuata wakati wa vita. Hiyo ndiyo akiba yetu yote, na ni ndogo. Watu waliompenda wengi, maneno yake machache: pengo hilo lazima lijazwe, na limejazwa. Kila mmoja anatia ndani kile anachotaka Mamadou awe amesema. Anayetaka kupigana anampa maneno ya vita. Anayechukia serikali anampa maneno ya kulaani wakubwa. Mfu habishi.

Kwa hiyo mimi ninapendekeza tugeuze kazi. Badala ya kuanza na maneno, tuanze na swali hili: kwa nini Goma ilimpenda mtu huyu namna ile?

3. Alipendwa kwa kipimo cha aibu iliyotangulia

Wadogo zetu waliokuwa watoto wakati ule wanadhani alipendwa juu alikuwa shujaa. Ni kweli, lakini haitoshi. Lazima ujue kilichopita kabla.

M23 ilizaliwa mwaka wa 2012, askari walipoasi ndani ya jeshi. Vita ile wengine wanaiita ya wenyewe kwa wenyewe, wengine wanasema ni uvamizi. Mabishano hayo mnayajua. Tarehe 20 Novemba 2012 Goma ilianguka. Askari wa serikali walichukua barabara hii yetu ya Mugunga, wakaelekea Sake na Minova. Nilikuwa bado kwenye masomo ya sekondari. Tuliwaona wakipita, na nyuma yao watu wakitembea na magodoro kichwani. Huko Minova, siku zilizofuata, askari wa jeshi letu walibaka wanawake na wasichana zaidi ya mia moja. Umoja wa Mataifa uliyaandika hayo. Kesi ilifanyika Goma. Hukumu ilitoka Mei 2014: kwa washtakiwa 39, wawili tu walihukumiwa kwa kosa la ubakaji. Na hapa kwetu, M23 ilipoondoka Goma tarehe 1 Desemba 2012, usiku ule ule watu wenye silaha waliingia kambi ya Mugunga III na kuwaibia wadeplase wasiokuwa na kitu.

Hilo ndilo jeshi ambalo watu walikuwa nalo kichwani. Halafu, miezi minane baadaye, wanamwona ofisa ambaye yuko mbele, Kanyarucinya, Kibati, anayesimama na watu wake mahali ambapo kila mtu anaweza kumwona, anayezungumza na wanahabari bila kujificha. Mama mmoja anayeuza sombe hapa sokoni alinieleza yote kwa sentensi moja: "Siye tulimupendaka juu ye hakutukimbiaka."

Ndugu zangu, hiyo sentensi si ya Mamadou. Ni ya mama wa sombe. Lakini inamweleza Mamadou kuliko statu zote nilizosoma. Mama hakusema alimpenda juu ya ukali wake, wala juu ya maneno yake matamu. Alimpenda juu ofisa alifanya kazi yake. Katika inchi ambako ofisa anayefanya kazi ya kawaida anaonekana kama muujiza, upendo unakuwa mkubwa sana, na ukubwa huo unatuambia jambo juu ya inchi pia.

Upendo ulionekana wazi Julai 2013. Uvumi ulipita kwamba anaitwa Kinshasa, na watu wa Goma wakashuka barabarani kukataa. Raia wanaandamana ili koloneli asiondoke! Kwetu, mara nyingi ni kinyume.

4. Mambo mawili ambayo statu haziyasemi

La kwanza: hakushinda peke yake. Baada ya Goma kuanguka, mkuu wa jeshi la nchi kavu, Jenerali Gabriel Amisi, alisimamishwa kazi. Tarehe 28 Machi 2013 Baraza la Usalama lilipitisha azimio 2098, likaunda brigedi ya askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi yenye ruhusa ya kushambulia makundi yenye silaha. Mkuu wa eneo la kijeshi hapa, Jenerali Lucien Bahuma, ndiye aliyekuwa juu ya Mamadou. Naye alifariki 2014, akiwa Afrika Kusini kwa matibabu. Mwishoni mwa Agosti 2013 Meja Khatibu Mshindo wa Tanzania aliuawa kwenye mapigano karibu na Goma. Kati ya tarehe 25 Oktoba na 5 Novemba, Kibumba, Rutshuru, Rumangabo na Bunagana zilirudi moja baada ya nyingine. Nyuma ya ushindi huo kulikuwa na viongozi waliobadilishwa, washirika, shinikizo la dunia juu ya waliosaidia M23, na askari wengi ambao picha zao haziko kwenye pikipiki yoyote. Kumtaja Mamadou peke yake ni kuwafuta hao. Na pia ni kumfundisha kijana kwamba moyo peke yake unashinda vita. Hapana. Moyo bila mpango ulikuwepo Novemba 2012 pia.

La pili linauma zaidi. Julai ile ile ya 2013, Umoja wa Mataifa ulitangaza wasiwasi wake juu ya habari kwamba askari wa FARDC walidhalilisha maiti za wapiganaji wa M23 na kuwatendea vibaya waliokamatwa. Mjini wengi walikasirika, wakasema wageni wanawatetea adui. Mimi sisemi kwamba Mamadou aliamuru jambo kama hilo. Ninasema kwamba tabia ya kamanda inapimwa hapo pia: si tu mbele ya risasi, bali mbele ya maiti ya adui na mbele ya mfungwa. Kama tunampenda kweli, tusiogope kuuliza swali hilo. Sherman anapendwa na kuchukiwa mpaka leo, na Wamarekani hawajafa kwa kulijadili.

5. Kifo chake kinasema nini

Tarehe 2 Januari 2014, pale Ngadi, kilomita chache kutoka Beni, gari lake lilipigwa na roketi, likaungua. Mwanzoni ilisemwa ni ADF. Kesi ilifanyika huko Beni, na Novemba 2014 mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo luteni-kanali mmoja wa jeshi hilo hilo la FARDC. Walihukumiwa pia watu wa ADF.

Fikirini kidogo. Mtu ambaye mji mzima uliandamana ili abaki, hakulindwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Upendo wa watu ni kitu kikubwa, lakini hauzuii roketi. Kinacholinda ofisa mzuri ni jeshi lenye utaratibu: nani anajua safari yake, nani anaangaliwa, nani anaadhibiwa. Ndiyo maana mimi siridhiki na sentensi za wasaliti zinazowekwa chini ya picha yake. Zinatupa hasira, halafu hazituambii tuombe nini. Swali la kuomba ni hili: miaka zaidi ya 10 baadaye, ofisa kama yeye angelindwa vizuri zaidi?

6. Kwa nini ninaandika sasa

Tarehe 3 Novemba 2022 Rais alihutubia taifa na kuwaita vijana wajiunge na jeshi na kuunda vikundi vya kulinda mitaa yao. Hapa Goma vijana wengi waliandikishwa, na wengine waliingia kwenye makundi ya Wazalendo. Mmoja alitoka kwenye avenyi yetu. Alikuwa na lisansi kama sisi, bila kazi, anachoma makala kwenye barabara ya Sake. Siku aliyoondoka aliweka statu: picha ya Mamadou na maneno ya kuita watu kufa. Wiki chache baadaye mama yake alinipa simu nimsomee tena. Akaniuliza: "Mwanangu, ye Mamadou alisemaka hivi kweli?"

Kwenda au kubaki ni uamuzi wa mtu mwenyewe, sitaki kuhukumu. Kuna walioenda kwa akili yao yote, juu vita ilikuwa mlangoni. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yalianguka kwenye kambi za wadeplase hapa hapa Mugunga na Lac Vert, yakaua watu wengi, watoto wakiwemo. Hakuna anayeweza kumwambia kijana wa Mugunga kwamba vita haimhusu. Lakini kama kijana anaenda, aende kwa sababu zake, si kwa sentensi iliyotungwa na mtu asiyejulikana, mwenye megabaiti na programu ya kupamba picha. Mama yule ana haki ya kujua ni nani aliyemwita mtoto wake.

Katika kazi yangu, mkulima akiniletea mfuko wa mbegu, sianzi kusifu rangi yake. Ninatafuta lebo ya SENASEM: aina gani, imezalishwa wapi, mwaka gani. Kama haina lebo, tunachukua mbegu 100, tunaziotesha pembeni, tunahesabu ngapi zinaota, kabla ya kuweka shamba zima. Neno la shujaa nalo tulipime hivyo. Maswali ni matatu tu:

Kwanza, nani alimsikia? Kuna sauti, video, au mwanahabari aliyekuwepo? Kama jibu ni "inazunguka kwenye grupu", hiyo si lebo.

Pili, alisema lini na kwa nani? Neno alilowaambia askari wake kabla ya kupanda Kibati si amri kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili leo. Mkumbuke Sherman wa 1864 na Sherman wa 1880.

Tatu, neno hili linaniomba nifanye nini, na nani atalipa? Kama linaniomba nichukie jirani juu ya kabila lake au lugha yake, hata kama lingekuwa la kweli, halistahili kupita kwenye simu yangu.

Na kuna kazi tunayoweza kuifanya sisi kama shirika la wahitimu. Radio zetu za Goma zilimhoji mwaka wa 2013. Kuna wandugu wenye video za zamani kwenye simu zilizovunjika kioo. Tukusanye. Kila sauti iandikwe tarehe, mahali, nani alirekodi, lugha aliyotumia, na maneno yake yote kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukata. Pengine tutapata sentensi 20 tu za kweli. Pengine zitakuwa za kawaida: askari wamefika wapi, raia wasiogope, njia imefunguliwa. Sawa. Ofisa anayesema mambo ya kawaida halafu anabaki mahali pake ndiye aliyekosekana hapa Novemba 2012.

Aliye na rekodi hata ya dakika moja, aihifadhi kwanza mahali pawili, halafu atuambie. Simu zinaibiwa, kambi zinahama, na sisi wenyewe hatujui kesho tutalala wapi.